Kadi ya Mama Iwe ya Mtu Mmoja

"Futa hapo," bi harusi alisema, akikigonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Futa 'na mwenzako'. Andika 'mtu mmoja'."

Fundi wa kadi hakufuta. Alimtazama mama mtu, aliyekuwa amekaa kwenye stuli karibu na mashine ya kukatia karatasi, mkoba mapajani, mdomo ameufumba kama aliyebana sindano.

Kadi nyingine zote zilikwisha. Za wajomba, za wafanyakazi wenzake, hata ya mwenye nyumba. Zote zilisema 'wewe na mwenzako', na chini kabisa, kwa herufi ndogo, lile ombi la kawaida kwamba watoto wabaki nyumbani. Ilibaki hii moja, ya mama mzazi, na hii moja ilikuwa imewatoa jasho tangu asubuhi.

"Bosi wako umempa nafasi ya mwenza," mama alisema. "Hujui hata atakuja na nani. Wangu mimi unamjua."

"Ndiyo maana."

"Hebu rudia, labda masikio yangu yamezeeka."

"Namjua, mama. Ndiyo maana simtaki."

Fundi alijifanya anapanga bahasha. Alishaona ndugu wakinuniana mwaka mzima kwa neno moja la kadi. Lakini mtoto kumnyima mamaye mwenza, tena mama mjane, hilo lilimpandisha hasira. Na yeye alikuwa na mama mjane, anayekunywa chai akiongea na redio.

"Tunaweza kuandika 'pamoja na familia'," alisema. "Hapo hatumtaji mtu."

"Hilo ndilo usithubutu kabisa."

Mama aliguna. "Na nguo ameshapata. Kila jioni anaivaa, anajizungusha mbele ya kioo, ananiuliza, nimependeza?"

Fundi akabana kicheko. Alimwona kichwani huyo mzee wa watu na koti lake jipya, akijigeuza huku na huku.

"Watu watauliza ni nani," bi harusi alisema.

"Waulize. Midomo ni yao."

"Mama mkwe atauliza. Mume wangu atauliza. Mimi nitamjibu nini? Unataka nianze ndoa yangu kwa aibu?"

"Aibu ya nani?"

"Analala kitandani kwako, mama. Mtaa mzima unajua."

"Ulitaka alale wapi? Kwako?"

Hapo kicheko kikamponyoka fundi. Bi harusi akamgeukia, macho makali. "Wewe kazi yako kuandika. Andika."

"Naandika, dada." Sauti ya fundi nayo ilikuwa imeanza kuchemka. "Lakini mama yako hajaiba. Wewe unaolewa kwa shangwe, ukumbi mzima umesimama, halafu yeye akae pembeni na kiti kitupu? Kupenda si mali ya vijana peke yao."

Mama alimtazama fundi kwa mshangao.

"Humjui," bi harusi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Humjui kabisa. Niandikie mtu mmoja, tumalize."

Mama akasimama. Alikuwa mfupi, lakini chumba kilionekana kidogo ghafla.

"Kama yeye hana nafasi, na mimi sina. Nimempikia, nimemfulia, nimemkeshea akiumwa, wewe ukituletea salamu za simu. Sikukulaumu. Nilisema, mpe muda, moyo wake utarudi. Kumbe muda wenyewe uliutaka wa kumfutia."

"Basi usije."

Neno lilitoka, halikuwa na pa kurudi. Printa iliendelea kunguruma peke yake. Bi harusi alibeba boksi lake la kadi, akasukuma mlango kwa bega, akatoka. Kupitia dirishani fundi alimwona akipita mbele ya benchi la nje, uso ameugeuzia upande wa pili wa barabara, mwendo wa haraka, kama mtu anayepita penye moshi. Juu ya kizingiti cha dirisha ilionekana kofia ya mwanamume, imetulia tuli. Haikugeuka kumfuata.

Masikini, hata salamu hakupewa, fundi aliwaza.

Aliketi, akaandika kwa hasira: 'Wewe na mwenzako'. Akachapa. Ukingo mmoja aliukata upogo, hakujali.

"Shika, mama. Mlangoni wanatazama kadi, hawatazami roho ya mtu. Njoo naye. Atakayekuzuia, mwambie aje kuniuliza mimi."

Mama aliipokea kwa mikono miwili. "Asante, mwanangu. Acha niende, ameningoja sana huko nje."

"Nimemwona. Ana subira huyo."

"Ya leo tu," mama alisema. "Leo alijikaza."

Fundi alimfuata hadi mlangoni. Hangekubali mtu huyo aondoke dukani kwake bila kusalimiwa na yeyote. Pale kwenye benchi, mwanamume mwenye kofia alikuwa anakunja gazeti lake, na fundi akamwandalia tabasamu pana.

Mama alimpita kama anayepita nguzo.

Alikwenda hadi mwisho wa benchi, akachuchumaa mbele ya msichana mdogo ambaye miguu yake haikufika chini. Mtoto alikuwa bado anaitazama ile kona alikopotelea bi harusi.

"Bibi," aliuliza, "yule si mama? Mbona amenipita?"