Kopo Moja kwa Mtu Mmoja

Ayubu, muadhini wa msikiti mdogo pale Tinde, alitoka ndani ya tangi akiwa amelowa mpaka magotini tu. Hilo lilitosha kumpandisha Swaleh hasira. Mwaka jana, mwezi kama huu, maji yalikuwa yakimfika Ayubu kifuani.

"Halafu kuna bomba," Ayubu alisema, akikamua pindo la msuli wake. "Chini kabisa, ukutani. Limeelekea kwa Mama Klara."

Swaleh alitema mate pembeni. Miaka sita alikuwa msimamizi wa tangi lile lililochimbwa chini ya ua wa msikiti, likipokea maji ya mvua kutoka paani. Kila kiangazi visima vya Tinde vilikauka, akina mama wakapanga foleni ya ndoo tangu alfajiri, lakini tangi la msikiti halikuisha. Watu walisema ni baraka. Swaleh alisema ni kopo. Yeye ndiye aliyeziba mabomba ya kutawadhia na kuleta makopo, kopo moja kwa mtu mmoja. Aliyechota la pili alinyang'anywa mbele ya wenzake, hata awe mzee wa mvi. Nyumbani kwake, mkewe Amira aliosha mchele, maji yale yale akasuuzia vyombo, kisha akayamwaga chooni. Wanawe walioga kwa zamu katika beseni moja.

"Maji hukaa kwa mtu anayejua kuyabana," aliwaambia waumini.

Sasa alijua nani aliyekuwa akiyavuta.

Serafina, mama yake Klara, alikuwa mjane Mkristo aliyeishi nyuma ya ukuta wa msikiti. Mwezi mmoja nyuma, siku ya mnada, bibi mmoja aliyetoka vijijini alianguka kwa jua mbele ya msikiti. Serafina alikimbilia uani akachota kopo. Swaleh alimpokonya mkononi.

"Mpe tu, Swaleh," Ayubu alimsihi.

"Maji haya Waislamu wameyatunza kwa kujinyima. Kachote kanisani kwenu." Akayarudisha maji yote ya kopo tangini.

Serafina alimkazia macho. "Ya kwenu?"

"Ya kwetu."

Serafina alimwinua yule bibi, akamkokota mpaka kwake, akafunga geti. Tangu siku ile maji ya tangi yalianza kushuka.

"Analipiza," Swaleh aliwaambia waumini. "Leteni majembe."

Walikuwa wanaume kumi na zaidi. Walichimba kutoka ukingoni mwa tangi, wakalikuta bomba, wakalifuata mpaka lilipopita chini ya ukuta. Swaleh alimwacha Ayubu alinde tangi, asije mtu akaharibu ushahidi, akawaongoza wengine kuzunguka hadi getini kwa mjane. Hakubisha hodi. Alilisukuma geti kwa bega mpaka komeo likang'oka.

Serafina alikuwa ameketi kwenye kigoda, akichambua mchicha. Hakuinuka.

"Mwangaluka," aliwasalimia kwa Kisukuma. "Leo mmekuja wengi."

Wote walikuwa wakitazama bustani: matembele, bamia, mipapai miwili iliyozaa. Kila kitu kijani, wakati huko nje hata majani ya miembe yalikuwa yamepauka kwa vumbi.

"Mmeona?" Swaleh alipaza sauti. "Sisi tunatawadha kwa kopo, yeye anamwagilia bamia!"

"Nina kisima," Serafina alisema.

"Kisima gani? Kila kisima Tinde kimekauka! Nani amewahi kukiona hicho chako?" Swaleh alimnyooshea kidole. "Mumeo Donatus ndiye fundi aliyejenga tangi letu. Tulimwamini. Kumbe alijiwekea bomba la wizi tangu siku ya kwanza!"

"Mume wangu usimtaje."

"Mwizi nitamtaja!"

Klara alitoka ndani akilia. Alikuwa msichana mkubwa, mwalimu wa chekechea. "Mama, waambie. Tafadhali, waambie tu."

"Waache wachimbe," Serafina alisema. "Wamekuja na majembe yao."

Wakachimba. Waling'oa matembele tuta zima wakayatupa kando. Mtu mmoja alikanyaga mbegu za nyanya zilizokuwa zimeanikwa kwenye gunia, mwingine akacheka. Bomba lilipita chini ya mipapai, likatokeza juu ya ardhi nyuma ya nyumba, kando ya simtangi kubwa la plastiki lililokaa juu ya nguzo za zege. Hapo palikuwa na koki ya shaba, imeota kutu ya kijani.

"Hii hapa!" Swaleh alisema. "Anayavuta kwa pampu, anajaza simtangi lake. Tazameni wote, msije mkasema nimemsingizia." Alimgeukia Serafina. "Leo naifunga. Kesho tunakwenda polisi. Na ukibaki Tinde baada ya hapo, utakuwa huna haya."

Serafina alikuwa amewafuata, beseni la mchicha kiunoni. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Izungushe, Swaleh," alisema. "Si ndiyo uliyoifuata?"

Swaleh alishika koki kwa mikono miwili. Upande mmoja haikusogea hata kidogo, akajaribu wa pili. Alikaza meno, akaizungusha mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka ikagoma. Watu wakaguna kwa kuridhika. Mmoja alianza kupiga takbira.

Ndipo sauti ya Ayubu ikasikika ikipiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Swaleh! Mmefanya nini huko? Maji yanaingia! Wallahi, tangi linajaa!"