Nungunungu na Malkia wa Bure

Nungunungu, bingwa wa sataranji, alimdharau Kuchakuro aliyejifunza juzi tu, akaweka shimo lake dau, na masika ndiyo hayo yanaanza. Mchezo haujakolea, Kuchakuro akamwacha malkia wake wazi kabisa.

"Si umle, mzee!" akasema Chura aliyekuwa akitazama.

"Thubutu! Cha bure hivi kina jambo," Nungunungu akanong'ona, miiba ikimsimama.

Akarudisha farasi, akarudisha ngome, akiukimbia mtego asiouona, mpaka malkia yuleyule akamfungia mfalme wake kwenye kona.

"Mjukuu wangu, pale ulitega nini?"

"Nitege nini, babu? Nilisahau kumsogeza."

Nungunungu akatoka shimoni, mvua ikimpiga. "Mjanja huyu," akamwambia Chura. "Ameshinda, na bado anaficha."