Chupa ya Uji wa Mheshimiwa

Mheshimiwa Kilonga, meya wa zamani aliyekuwa akigombea ubunge, aliweka chupa ya uji mezani. Kitandani alilala mgonjwa Sekulu, dereva wake wa siku nyingi, ambaye kesho angetoa ushahidi dhidi yake.

"Shemeji, mpe ungali moto."

Bi Tabwe, mke wa Sekulu, aliomba kimoyomoyo, kisha akamimina uji kikombeni na kumpa mgeni kwa mikono miwili.

"Kwetu mleta chakula huonja kwanza, Mheshimiwa."

Kilonga akacheka. "Leo umeniona mchawi, shemeji?"

"Hata kidogo. Ni desturi tu. Mbona kwenye harusi yetu ulionja togwa?"

Kilonga alikipokea kikombe, akapuliza. Mvuke ukaisha, naye bado alikuwa anapuliza.