Mwenzake Sultani

Sheria haimruhusu sungura kuishi peke yake. Kwa hiyo mke wa sungura wangu Sultani alipokufa, kifaa cha bandani kikapiga simu chenyewe, na mkaguzi akaja kumchukua Sultani.

"Bibi, mnyama huyu ana upweke."

"Na mimi je, mjukuu wangu?"

Akapekua simu yake. "Wewe humo katika sheria hii."

"Basi niandike mwenzake. Mchicha tunakula wote."

Akacheka, akaniandika. Tangu hapo kila Jumatatu anatukagua: kama tuna maji safi, kama tunalala pakavu, kama tunaweza kunyoosha miguu. Mwanangu hajapiga hodi tangu Idi.

Juzi mkaguzi alinipima urefu.

"Wa nini?"

"Sultani amezeeka, bibi. Akifa, utabaki peke yako, na sheria hairuhusu. Itabidi nikuchukue, na banda lazima likutoshe."

Siku hizi karoti zote namwachia Sultani.