Kizibo Kilicholegezwa

Viateur alipiga magoti chini ya meza, akashika kizibo kidogo cha chuma kinachofunga mwisho wa waya unaounganisha kompyuta mbili za nyumba hiyo, akakilegeza kidogo tu. Kisha akainuka akijikung'uta vumbi, uso wake mzito kama wa fundi mwaminifu.

"Jaribu," alimwambia Dancille.

Dancille akabonyeza. Kompyuta ya sebuleni ikaiona ile ya chumbani kwa baba yake, faili za wateja zikajitokeza kwenye kioo, msichana akashusha pumzi. Viateur alijua zitadumu mpaka mtu abamize mlango. Meza itatikisika, kizibo kitaachia, na kompyuta hizo mbili zitapoteana tena.

Alikuwa akifanya hivyo tangu Pasaka. Mara ya kwanza kuitwa, waya uliharibika kweli. Mara zote zilizofuata ulikuwa mkono wake. Wafanyabiashara wa Gisenyi waliokuwa wakichapishiwa karatasi zao kwa Mzee Ntawukuriryayo, baba yake Dancille, walikuwa wakihamia kwingine, na kila aliyehama alimburudisha Viateur moyo.

Mwaka uliopita, 1998, aliingia sebule hiyo hiyo na suti ya kuazima na kreti za bia, kumposa Ingabire, dada yake Dancille. Viateur alikuwa yatima aliyekulia Kisangani. Ukoo wa kumsindikiza hakuwa nao, akaja na mafundi wenzake kutoka Goma, Wakongo watupu. Msemaji wa mzee akasimama, akakohoa, akasema kwa Kiswahili ili wageni wasikie: "Hatuwezi patia mutoto mutu mwenye hatujue ng'ombe za baba yake. Tena mumechelewa. Tumeisha kumupa mwingine."

Watu wakaangua kicheko. Viateur akainuka, akawavuta wenzake, wakatoka bila kuaga. Ingabire alipotuma watu wazungumze naye, aliwafukuza mlangoni. Miezi michache baadaye akasikia ameolewa na Shyaka, karani wa serikali. Kumbe huyo ndiye mwingine! Tangu hapo alimchukia mzee asiweze hata kulitaja jina lake.

Na mzee, bila haya, alimwita "mutoto yangu". Mara kadhaa alitaka kuizungumzia siku ile, Viateur akamkata: "Papa, tuko kwa kazi."

Leo mzee alitoka chumbani polepole, akaketi kando ya kompyuta.

"Mutoto yangu, wateja wameisha. Nitauza hizi mashini."

Ndani ya Viateur ilikuwa sikukuu. Aliisubiri siku hii kwa hamu, na sasa hakuweza kujizuia.

"Bon. Basi sikia, Papa. Hii waya haikuwa na ugonjwa. Ni mi nilikuwa nalegeza, kila mara. Ile siku mulinicheka mbele ya watu. Leo ni mi nacheka."

Dancille akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee hakupandisha sauti. Hasira aliyokuwa akiitegemea Viateur haikuja.

"Ni kwa ile maneno ulitoka?" aliuliza. "Tulizani umebadilisha roho, hautake tena mutoto wetu."

"Mulisema mumemupa Shyaka!"

"Shyaka tulikuwa hatumujue bado. Alikuja nyuma yako, na yeye tulimwambia vile vile: hatujue ng'ombe za baba yake, amechelewa, tumeisha kumupa mwingine. Alicheka pamoja na sisi, akabakia kwa kiti, akaomba tena. Ni muchezo ya desturi yetu, ni vile wazee walinifanyia na mi, wakati nilienda kuomba mama ya Ingabire."

Viateur akakitazama kile kizibo chini ya meza.

"We, mutoto yangu," mzee alisema, "ilibakia kukukatalia mara moja tu, halafu tukupatie."