Picha ya Chini ya Ghala

Fabiano aliisukuma picha ya mwisho kwa kidole kimoja hadi ukingoni mwa meza. Hakuitia sahihi.

"Kuna nini tena?" Khaemba aliuliza, akisonya.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, na mpiga chapa alikuwa amempa mpaka saa sita awe ameleta kila kitu. Akichelewa, zamu yake ingekwenda kwa mwingine, na Jumamosi angesimama mikono mitupu mbele ya wageni waalikwa. Wafadhili nao walikuwa wamesema wazi: bila sahihi ya mwenye kisa nyuma ya kila picha, hakuna kitabu. Kwa hiyo mwandishi mzima, aliyekwisha kushonesha suti ya uzinduzi, alikuwa ameshikwa pabaya na mtu anayepara samaki kwenye soko la Ggaba.

Jambo hilo lilimkera kuliko harufu. Harufu aliishughulikia kwa kufungua madirisha yote mawili ya ofisi yake ya Makindye, Fabiano akimtazama.

Khaemba alikuwa mwalimu Bungoma kabla ya kuhamia Kampala kuuza vitabu vya shule, na kwa maoni yake mwenyewe hapakuwa na mtu aliyewajua watoto kumshinda. Siku moja, akichagua samaki aina ya ngege sokoni hapo, alimsikia Fabiano akiwasimulia wenzake habari za vita vya Sudani Kusini: jinsi kijiji kilivyochomwa, na jinsi mtoto mmoja alivyojificha chini ya ghala la mtama.

"Mtoto huyo ni wewe?" Khaemba aliuliza.

Fabiano akainamisha kichwa. Khaemba hakungoja jibu. Machozi yalikuwa yameshamlenga, na jina la kitabu lilikuwa limeshamjia.

Mengine aliyajaza mwenyewe, kwa kalamu isiyo na aibu. Mama wa mtoto, ambaye Fabiano hakuwahi kumtaja, alipewa jina na wimbo wa kumbembelezea mwanawe. Hata umri ulirekebishwa. Fabiano alisema wakati ule alikuwa na miaka kumi na mitano. Khaemba akaandika minane. Kijana wa miaka kumi na mitano, alimfafanulia polepole kama anayesema na kiziwi, hawezi kuenea chini ya ghala. Fabiano hakubisha.

Lakini kwenye picha alikuwa mgumu ajabu. Joska, binti wa mwanajeshi, aliyelelewa kwenye kambi ya jeshi ya Makindye, ndiye aliyezichora, na wiki nzima alikuwa akifuta na kuchora upya. Wanaume si sita, ni kumi na mmoja. Bunduki tatu tu. Waliobaki wana mapanga.

"Na buti hapana hii," Fabiano alikuwa amesema jana. "Ilikuwa gambuti, na matope mpaka hapa. Wao ilivuka maji kwanza."

Joska alikuwa ameinua macho akamwangalia kidogo, kisha akachora matope. Khaemba alizungusha macho. Nani duniani angenunua kitabu cha watoto kwa sababu ya matope?

Sasa ilibaki picha hii moja, na ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Ghala limesimama juu ya mawe. Askari ameinama kuchungulia chini yake. Gizani kule mtoto amejikunja, amefumba macho, machozi mawili mashavuni. Kitabuni, askari haoni kitu, anakwenda zake, na mtoto anakua na kufika Kampala. Khaemba aliisoma sehemu hiyo kwa sauti mara nyingi nyumbani, na kila mara ilimliza yeye peke yake.

"Hii uso si yake, sebo," Fabiano alisema.

"Si ya nani? Fabiano, wacha nikuambie kitu. Hii ni sanaa. Wewe kazi yako ni kuweka sahihi hapo, ama alama ya kidole kama kalamu inakushinda."

"Mimi najua kuandika."

"Basi andika."

Fabiano aliiangalia kalamu bila kuigusa. "Macho si hivi," alisema.

"Mtu akijificha anafumba macho," Khaemba alisema. "Nimefundisha watoto miaka kumi na tisa. Utanifundisha wewe?"

Joska, aliyekuwa ameketi kando ya meza, alichukua penseli na ufutio. Alitaka kumaliza, na kwa kweli alikuwa amemchoka Khaemba kuliko alivyoichoka picha. "Onyesha mimi, kaka," alisema. "Ilikuwa namna gani?"

Fabiano akasimama. Khaemba alivuta kiti chake nyuma kwa kuchukia, ampishe aingie chini ya meza kama alivyoingia chini ya ghala, ili upuuzi huo uishe na yeye amuwahi mpiga chapa.

Fabiano hakuingia. Alipiga goti moja sakafuni, mkono wa kulia akiuweka mbali na mwili kama aliyeshika kitu kirefu, akainamisha shingo na kuchungulia chini ya meza.

"Macho haikufunga, dada," alisema, bado akitazama kule chini. "Ilikuwa wazi. Aliangalia mimi hivi tu, mpaka nikaita wale wengine."