Chumvi Golini

Kikopo cha chumvi kilikuwa kipa. Pilipili manga alikuwa ameotea, na Mzee Ovila alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Mrudishe huyo! Mrudishe nyuma!" alifoka, akaipiga meza mpaka supu ya njegere ikacheza bakulini. "Miaka hamsini na mbili nakufundisha, Rolande! Jiwe lingekuwa limeshaelewa."

Mkewe akamrudisha pilipili taratibu. "Nisamehe, mzee wangu. Kichwa changu kizito."

Noémie, aliyetumwa na kituo cha afya kumpima mzee, alikaa upande wa pili wa meza, fomu mapajani. Mwisho wa fomu palikuwa na visanduku viwili tu: mzee abaki nyumbani kwake, au apelekwe kwenye nyumba ya wazee kule mjini. Dakika kumi zilizopita alikuwa amemuuliza leo ni siku gani.

"Siku ya mechi," mzee alijibu.

"Na mwezi?"

"Mwezi wa barafu. Andika hivyohivyo. Na andika kwamba siondoki. Nyumba hii nimeipigilia mwenyewe, msumari kwa msumari. Mkinitaka, ning'oeni nayo."

Kisha macho yake yalianza kutangatanga ukutani, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kalamu ya Noémie ilikuwa imeanza kushuka kwenye kisanduku cha pili.

Ndipo Rolande aliposukuma kikopo cha chumvi mbele ya mumewe. "Muulize mpira wa magongo wa barafuni," alisema, kidevu juu. "Hata mimi sijauelewa mpaka leo."

Noémie naye hakuuelewa. Bintiye wa miaka sita alikuwa ameanza kucheza wiki iliyopita, na mama mtu alisimama nyuma ya kioo akipiga makofi wakati wazazi wenzake wote wananung'unika. Kwa hiyo aliuliza, na aliuliza kwa dhati.

"Sikiliza, binti." Mzee alichukua kifungo cheusi cha koti. "Hiki ndicho kisahani. Kila upande wachezaji watano na kipa. Milia ya kitambaa hiki cha meza ndiyo mistari. Kwenye eneo la wapinzani huingii kabla ya kisahani. Kinatangulia chenyewe, wewe unafuata, kama unavyomtanguliza mkubwa mlangoni. Ukikitangulia kuvuka mstari wa... mstari wa..."

Kidole kilisimama hewani. Saa ya ukutani ikagonga mara tatu, mara nne.

"Mwekundu," Rolande akadakia.

"Wa bluu, mwanamke! Wa bluu! Mwekundu uko katikati!" Moto ulirudi machoni. "Ukivuka wa bluu kabla ya kisahani, umeotea. Unaona mtu ninayeishi naye, binti?"

Noémie alicheka. Aliona kweli.

"Sasa, mmebanwa kwenu, mnahema. Ukakipiga kisahani kutoka nusu yenu, kikateleza mpaka kule mwisho, kikapita mstari wa mwisho, pembeni mwa goli lao, bila mtu kukigusa. Wanapuliza kipenga. Halafu... halafu mna..."

"Mnapewa goli," alisema Rolande.

"Goli! Bikira Maria, goli la nini? Mnarudishwa kuanzia kwenu, mbele ya kipa wenu, na waliochoka hawatoki! Ndiyo adhabu ya woga hiyo." Alimgeukia Noémie, mabega yamesimama kama ya kijana. "Huyu hajawahi kukanyaga barafu, labda ya kwendea kanisani."

"Ndiyo, mzee wangu," Rolande alisema, akaitazama supu yake.

"Na mtu akimkwatua mwenzake?" Noémie aliuliza.

"Dakika mbili kibandani, kama mtoto mtukutu. Wenzake wanabaki wanne, wanateseka kwa ajili yake."

"Nani anaamua?"

"Refa! Yule mwenye fulana ya mistari myeusi na myeupe. Punda milia, tunawaita. Vipofu wote, wa kwanza mpaka wa mwisho!"

Rolande aliangusha kijiko.

"Lakini akifanya hivi, nampenda," mzee aliendelea. Alinyoosha mikono yote miwili pembeni, mabega sawa, kama mtu anayetandaza shuka. "Maana yake: nimeona, hakuna kosa, endeleeni kucheza."

Noémie alifunga fomu. Visanduku vilikuwa bado vitupu.

"Nitajazia garini," alisema.

"Jazia hata mbinguni," mzee alisema, akimwinua kipa wake na kumpangusa. "Mimi siondoki."

"Wala mimi siondoki," alisema Rolande, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya upole. Kisha akainuka haraka. "Kaa, mwanangu, koti nitakuletea mimi."

Lakini Noémie alikuwa ameshafika ukumbini, mguu mmoja ndani ya buti. Koti lake lilikuwa kwenye ndoano ya mwisho, ileile ambapo Rolande alisisitiza kulitundika kwa mkono wake mwenyewe ingawa nyingine zote zilikuwa tupu. Alilitoa.

Nyuma ya koti palikuwa na picha: mwanamke mwenye nywele nyeusi, kipenga mdomoni, fulana ya mistari myeusi na myeupe, kidevu juu. Chini yake, kibati cha shaba: *Rolande Bilodeau, refa, misimu thelathini na mmoja.*

Noémie aligeuka. Rolande alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, haombi kitu.

Noémie akaweka mkoba chini, akanyoosha mikono yote miwili pembeni.